Kiota Njiani na Nyumba Mpya Ufukoni

Neno la kusomwa: Kumbukumbu la Torati 22:6-8



Mwezi huu nataka tuliangalie neno ambalo katika sharika zetu halisomwi mara nyingi. Mimi mwenyewe nimekwisha kuvuka miaka arobaini, na tangu nilipotoka chuo cha uchungaji sikupata kulihubiri hata mara moja. Ni maneno ya Musa aliyowaambia Waisraeli walipokuwa karibu kuvuka Yordani. Kwanza anasema habari za mtu apitaye njiani, akakuta kiota cha ndege, mtini au chini, na mama ameatamia mayai au makinda yake. Mtu huyo ameruhusiwa kuyatwaa makinda. Lakini mama asimtwae pamoja nayo, bali amwachilie aende zake. Mara, pasipo hata kupumua, Musa anamwacha ndege na kusema habari za mtu ajengaye nyumba mpya. Huyo imempasa kutia ukingo kuizunguka dari, kwa kuwa watu wa nchi ile walikuwa wakiketi na kulala juu ya nyumba zao. Asipotia, na mtu akaanguka, mwenye nyumba atakuwa na hatia ya damu.

Zamani nilidhani kwamba aya hizi zimewekwa pamoja bila sababu, kama mtu atiaye kitunguu na msumari katika kikapu kimoja. Sasa sidhani hivyo.

Walimu wa Kiyahudi wa kale waliihesabu amri ya kiota kuwa nyepesi kupita amri zote, maana haimgharimu mtu ila ndege mmoja. Lakini itazameni ahadi iliyofungwa nayo: mtu aishikaye atapata heri na kuongezewa siku. Ahadi hiyo mnaijua. Kila mtoto wa kipaimara ameisoma katika amri ya nne, kwa habari ya kuwaheshimu baba na mama. Mungu ameweka ahadi ileile juu ya mama aliyetuzaa na juu ya mama mwenye manyoya aliyelala kando ya njia. Alaye makinda amekula mara moja; alaye na mama amekula pia chakula cha mwaka ujao, na cha jirani yake, na cha watoto ambao hawajazaliwa.

Nitawaeleza sasa kwa nini neno hili limenikamata. Wakati wa kiangazi alinijia mzee mmoja wa usharika, mwimbaji wa kwaya tangu ujana wake, mtu asiyepitwa na ibada. Akaniambia, “Mchungaji, nimeanza nyumba ya wageni kule ufukoni. Vyumba vitano. Njoo uniombee kabla ya kusimamisha kuta.” Tangu barabara ya lami ilipofika kutoka Kikusya kupita Ipinda hata Matema, wageni wamezidi kuja, wa Mbeya na wa mbali zaidi, wanataka mchanga mweupe, maji safi na Milima ya Livingstone ikisimama juu ya maji wakati wa jua kuchwa. Yule mzee alikuwa ameweka fedha za kakao kwa miaka mingi. Anao wajukuu wanne wa kuwalipia shule. Nikafurahi pamoja naye, nikaenda.

Nilipofika nikaona viti vimepangwa, na wali wa Kyela ukinukia, na msingi wa zege umekwisha kukauka. Matete yote yaliyokuwa mbele ya kiwanja yamefyekwa, yamelundikwa kama maiti za vita, ili wageni walione ziwa wakiwa vitandani. Mchanga wa matofali ulikuwa umechimbwa palepale ukingoni, hata pamekuwa na shimo lililojaa maji. Shimo la choo lilikuwa kati ya nyumba na ziwa, kwa sababu nyuma kuna miembe na kakao zake. Nikatembea kutoka msingi hata majini, nikijifanya kuangalia mitumbwi, huku nikihesabu: hatua 31. Nami sheria naijua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu ziwezazo kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto.

Sikusema neno. Nilisoma Zaburi ya 127, nikaomba, nikala, nikapanda pikipiki nikarudi nyumbani. Njiani nilijiambia kwamba kazi ya mchungaji ni kuhubiri Injili, wala si kupima viwanja. Ni maneno mazuri, ila nilikuwa nimeyatumia kujificha.

Juma lililofuata mvuvi mmoja, mtu wa makamo, alileta samaki nyumbani. Kati yao alikuwamo perege mmoja jike. Akamfungua kinywa kwa kidole gumba, na vitoto vidogo kama mbegu za mtama vikamwagika mkononi mwake, vingine vingali vikitikisika. Akasema, “Mchungaji, huyu alikuwa mama.” Hakusema zaidi. Ndipo aya ya kiota iliponijia.

Ndugu, huenda wengi wenu mlikua karibu na ziwa hili pasipo kuambiwa ni jambo la ajabu kiasi gani. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na mahali penye kina kikubwa huenda chini mita 700 hivi. Jamii zake za samaki ni zaidi ya 500, na nyingi katika hizo hazipatikani penginepo popote duniani. Kwa sababu hiyo upande wa Malawi, kule Cape Maclear, sehemu ya ziwa iliandikwa mwaka 1984 katika orodha ya urithi wa dunia. Wengi wa samaki hao hufanya kama yule perege: mama huyachukua mayai kinywani, akayalinda humo kwa majuma kadhaa, wala hali kama kawaida yake, hata vitoto viweze kuogelea. Na wako madume wanaokusanya mchanga chini ya maji, wakajenga vilima vidogo kama sahani, ndipo jike huja kutaga hapo. Mchanga tunaouona hauna kazi, kwa wengine ni chumba cha arusi.

Tena msidanganywe na ukubwa wa ziwa. Chini ya mita 250 hivi maji yake hayana hewa ya kuwatosha samaki. Huko ni giza tupu na hakuna samaki awezaye kuishi. Chakula chetu kipo katika tabaka la juu, na samaki walio wengi jamii zao hukaa karibu na pwani, katika mawe, mchanga na matete. Ghala ni kubwa, lakini nafaka iko mlangoni tu. Matete hayo huzuia mawimbi yasile nchi wakati upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu. Huzuia tope la mafuriko yetu, ambayo watu wa Kyela hawahitaji kuelezwa. Na samaki wachanga hujificha humo. Mbasa naye, ambaye sisi twampenda kupita wote, hupanda mitoni kutaga. Akikuta kinywa cha mto kimechimbwa mchanga na kufungwa nyavu, atapanda wapi? Hivyo mtu afyekaye matete na kuchimba ufuko ili mgeni apate kuona vizuri, amefanya lile ambalo Musa alilikataza, ijapokuwa hakuona ndege wala kiota.

Liko na jambo jingine, nalo linawahusu watoto wetu waogao kila jioni. Zamani watu wa upande wa Malawi walifikiri kwamba kwenye fuko za wazi za ziwa hakuna kichocho. Kisha, tangu miaka ya 1980, ugonjwa ukaongezeka hata kwa wageni waliokuja kuogelea. Wataalamu waliochunguza pale Cape Maclear walieleza sababu yake hivi. Katika mchanga wa ufukoni hukaa konokono mdogo abebaye viini vya kichocho. Wako samaki wenye meno magumu kooni, ambao chakula chao ni konokono hao. Watu walipovua kupita kiasi karibu na pwani, kwa nyavu za matundu madogo, samaki hao walipungua sana, na konokono wakazidi. Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai ya ugonjwa huanguliwa, yakaingia kwa konokono. Na kitokacho kwa konokono hupenya ngozi ya yeyote aogaye. Yule samaki alikuwa mlinzi wetu pasipo mshahara, nasi tukamkaanga. Ziwa ni moja; haliujui mpaka wa Songwe.

Basi na tuje katika aya ya pili, ile ya nyumba mpya. Angalieni kwamba Musa hakukataza kujenga, wala mimi sikatazi. Nchi yetu imezoea kupokea wageni. Mwaka 1891 Alexander Merensky na wenzake wa misioni ya Berlin walifika kaskazini ya ziwa hili, nao walikuwa wageni. Kama wazee wetu wangalikosa ukarimu, labda gazeti hili lisingekuwapo. (Kwamba wageni wengine waliofuata walikuja na bunduki na kodi ni habari ya siku nyingine.) Mgeni si dhambi. Swali la Musa ni moja tu: umetia ukingo? Nani ataanguka kwa sababu ya nyumba yako?

Wako ndugu zetu waliotutangulia katika kazi hii, watu wa Unguja. Katika miaka ya 1980 wageni wao wa matembezi walikuwa wachache. Mwaka 2019 walipita 500,000, na mwaka 2023 walipita 600,000. Mahoteli yamejaa pwani ya Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani. Fedha zimeingia na kazi zimepatikana, hilo ni kweli, na asemaye kwamba hakuna faida anadanganya. Lakini kisiwa kile hakina mto mkubwa. Maji yake ya kunywa ni mvua iliyozama katika jiwe la matumbawe, ikakaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya maji. Ukiyavuta mno, chumvi hupanda kisimani. Mtaalamu mmoja, Stefan Gössling, alipima pwani ya mashariki ya Unguja na kuandika mwaka 2001 kwamba mgeni mmoja alitumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku, pamoja na bustani na bwawa la kuogelea. Hizo ni ndoo 34 za lita 20. Ninyi akina mama mnaosoma haya, wekeni ndoo hizo kichwani kwa fikira, muone. Na kisima cha hoteli na kisima cha kijiji huvuta katika jiwe lilelile.

Tena kule pwani ya mashariki wanawake wamelima mwani tangu mwaka 1989, katika maji mafupi ambayo wageni nao wanayataka kwa kuogelea na michezo. Hakuna aliyewapiga fimbo wanawake hao. Ni kwamba pwani imegawanyika, na mwenye fedha huongea kwa sauti kubwa.

Nilipolisoma hilo nikawafikiri wanawake wa Kikisi wa Ikombe, wafinyanzi, wanaoleta vyungu vyao kwa mitumbwi hata soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Chungu hakipendi safari ya nchi kavu juu ya mawe. Ikiwa ufuko wote kutoka Matema utakuwa na ua, na kibao cha kukataza kupita, mitumbwi ile itashuka wapi? Hakuna mtu atakayekusudia kuwafukuza. Kila mmoja atazungushia ua kipande chake kidogo tu.

Lakini huko huko Unguja liko pia jambo la kutufundisha. Karibu na mji kuna kisiwa kidogo kiitwacho Chumbe. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ilitangaza miamba ya matumbawe yake kuwa hifadhi, na wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi. Nyumba za wageni ni saba tu. Paa za nyumba hizo hukusanya mvua katika tangi, kwa hiyo hakuna kisima kinachokaushwa. Vyoo vyake havitumii maji kabisa, bali uchafu hugeuzwa kuwa udongo mkavu, usiende baharini. Wageni huja, hulipa, na samaki wamebaki. Sisi wa Kyela, tunaonyeshewa mvua kama watu waliosahauliwa chini ya bomba, tunashindwaje kukinga paa moja? Huo ndio ukingo wa dari kwa lugha ya leo: choo nyuma ya nyumba, mbali na maji, nyumba nyuma ya mita 60, matete yaachwe, pakatwe njia moja ya mtumbwi, mchanga usichimbwe ukingoni, samaki wa meza ya wageni asinunuliwe kwa avuaye kwa chandarua.

Nanyi waalimu, mkifundisha amri ya tano, msiishie kwenye panga na sumu. Martin Luther katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliwafundisha watu kwamba amri hiyo inatutaka pia kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake. Choo kinachofurika ziwani wakati wa masika ni neno la amri ya tano. Na ufuko uliofungwa ni neno la amri ya saba, hata kama hati ya kiwanja imepigwa mihuri mitatu.

Hapo naona mtu anainuka na kusema, “Mchungaji, wewe una mshahara. Mimi nina shamba la mpunga linalozama kila mwaka, na watoto. Utanilipia ada kwa matete?” Swali hili ni la haki, wala sitalijibu kwa maneno matamu. Ni kweli kwamba mara nyingi maskini huambiwa alinde kilicho chake ili tajiri apate kukitazama. Ila na yeye akumbuke kwamba wageni wale hawaji kuitazama saruji. Saruji wanayo kwao. Wanakuja kwa maji yaonekanayo hata chini, na samaki, na milima. Siku maji yatakapotiwa tope, na habari ya kichocho ikaenea mijini, wao watakwenda ufuko mwingine, kwani dunia ina fuko nyingi. Sisi tutabaki hapa na deni la nyumba na ziwa lisilo na samaki, na maskini ndiye atakayebaki karibu zaidi na maji.

Sheria hutuonyesha hatia, wapendwa, nayo imenionyesha yangu. Lakini sikuandika haya ili niwaache chini ya sheria. Bwana wetu alipoililia Yerusalemu alijilinganisha na nini? Si simba wala tai, bali kuku aliye mama, atakaye kukusanya vifaranga vyake chini ya mbawa. Na usiku ule bustanini, walipokuja na mienge kumkamata, aliwataka wamshike yeye na kuwaacha wanafunzi wake waende zao, kama Yohana alivyoandika katika sura ya 18. Mnaona jinsi alivyoigeuza amri ya kiota? Musa alisema mama aachwe na makinda yatwaliwe. Kristo alisema mama na atwaliwe, na makinda yaachwe. Sisi sote tulio hai katika imani tu makinda yaliyoachwa. Naye alipofufuka alisimama ufukoni alfajiri, akawasha makaa, akapika samaki na mkate, akawakaribisha watu saba waliochoka. Mmoja wa hao alikuwa amenyamaza na kukana mbele ya makaa mengine. Hakumfukuza, alimlisha kwanza, kisha akamwuliza.

Kwa nguvu ya chakula hicho nilirudi kwa yule mzee. Nilichukua kamba niliyoipima nyumbani kwa futi ya fundi, mita 60 kamili, nikamwomba ashike ncha moja kwenye maji. Hakukasirika. Tukatembea pamoja, yeye nyuma na mimi mbele, nikaupita msingi wake, nikapita shimo la mchanga, nikapita mwembe wa kwanza, hata kamba ikakaza kwenye kakao. Akasimama akiitazama kwa muda mrefu. Halafu akasema, “Mchungaji, ungeniambia kabla, nisingalimwaga zege.”

Sikuwa na jibu, nikamwomba radhi mbele ya mkewe na wajukuu.

Shimo la choo amekwisha kulifukia, na jipya limechimbwa nyuma ya miembe, upande wa juu. Matete yameanza kuchipua mbele ya kiwanja, maana hakung’oa mizizi, naye ameacha njia moja ya mtumbwi. Lakini msingi ungali palepale, na kuta hajasimamisha, wala fedha ya kumwaga zege tena hana. Wazee wa usharika watakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao kuzungumza juu ya saruji ile; nimewaambia kwamba sehemu ya hasara iandikwe kwa jina langu.